Sura ya Sita: Mzigo Kwanza, Rangi Baadaye

Wengi wanaoanza kuunda magari ya mfano huanzia kwenye rangi. Boksi likishafunguliwa, macho hukimbilia picha ya kifuniko, na swali la kwanza huwa ni kopo gani la rangi linunuliwe. Mimi humwomba mwanafunzi aliweke kopo pembeni anijibu maswali mengine. Gari hili limebeba nini? Limepakia wapi, linapeleka wapi, na njia yenyewe ikoje? Akiujua mzigo atajua springi zimelala kiasi gani, tairi zimebonyea wapi, ubavu upi umekwaruzwa na magunia, matope yamerukia hadi dirisha lipi. Rangi itakuja, lakini itakuja juu ya gari ambalo tayari lina kazi.

Ushauri huu unakwenda kinyume na vitabu vingi vya mwongozo, ambavyo huanza na kupuliza rangi tabaka kwa tabaka hadi bodi ing'ae. Sina ugomvi na gari la maonyesho lisilo na doa. Linahitaji mkono mtulivu na subira, na anayeliweza anastahili heshima. Ila magari tunayoishi nayo sisi wa ukanda huu ni magari ya kazi, na gari la kazi ukilitoa mzigo wake umelitoa nusu ya umbo.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni Niemba, katika eneo la Kalemie, jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Kongo. Niemba iko kwenye reli inayotoka Kalemie, ufukweni mwa ziwa, kwenda Kabalo kwenye mto Lualaba. Jina lake ni la mto unaoingia Lukuga, ule mto unaoyatoa maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka Lualaba. Ni nchi ya udongo mwekundu na mvua ndefu, ambako daraja la magogo likikatika safari nzima inasimama. Katika miji midogo ya namna hiyo gari halipiti hivi hivi. Linazungukwa. Watoto huchuchumaa kuchungulia chini yake wakati utingo anafungua gurudumu, na baada ya siku chache gari hilo limezaliwa upya kwa waya.

Gari la waya la mashariki mwa Kongo, sawa na lile la Kigoma, la Zambia au la Malawi, huanza na chasisi. Waya mnene hutoka kwenye uzio uliokufa, kwenye vifungio vya marobota ya mitumba, au kwenye tairi kuukuu lililochomwa hadi mpira ukaisha, zikabaki nyuzi za chuma za ukingoni. (Njia hii ya mwisho siipendi hata kidogo, kwa kuwa moshi wa tairi ni sumu. Ukiweza kumnunulia mtoto mita chache za waya dukani, mnunulie.) Mtoto hupinda mihimili miwili mirefu, akaipitishia vipande vya kukingama, kisha anafunga kila ungio kwa waya mwembamba, maana hakuna wa kulehemu. Litazame kwa karibu ungio la mtoto mwenye mkono mzuri. Waya umezungushwa mara nne au tano kwa mkazo ule ule, mizunguko imelala sambamba bila kupandana, na ncha imegeuziwa ndani isichome kidole. Nimeona maungio ya mafundi wakubwa, wenye koleo za bei, yasiyofikia hapo.

Magurudumu hukatwa kwenye ndala zilizokatika, au ni vifuniko vya makopo ya maziwa vilivyovalishwa ukanda wa mpira wa tyubu. Ekseli ya mbele hufungwa katikati ili igeuke, na kutoka hapo hupanda fimbo ndefu, ya mwanzi au ya waya uliosokotwa, hadi kwenye kiuno cha dereva. Juu ya fimbo kuna duara la usukani. Dereva hukimbia nyuma ya gari lake akilikatisha kona za kijiji. Ukilipima kwa ufundi, gari hili lina kitu ambacho vifaa vingi vya plastiki vya bei kubwa havina: usukani unaogeuza magurudumu kweli.

Na mara nyingi gari lenyewe ni lori. Saluni zipo, jipu zipo, basi zipo, lakini lori ndilo lenye heshima, na bodi ya nyuma hufanywa kubwa kuliko inavyotakiwa kwa vipimo. Sababu yake ni kwamba litapakiwa. Litabeba udongo, magunzi, mawe, wakati mwingine mdogo wake mwenye gari akililia nafasi. Likiinamia upande mmoja, fundi analifungua, anaongeza mhimili, anasogeza ekseli ya nyuma. Mtoto huyo hajui skeli wala hana rula, lakini amekwisha kuelewa kwamba umbo la lori linatokana na kile linachokibeba.

Pasipo na waya hutumika mabua ya mtama na mahindi, ambayo moyo wake laini unachomeka kwa njiti bila gundi. Hutumika udongo wa mfinyanzi, na hutumika mabati. Makopo makubwa ya mafuta ya kula yanayoletwa na mashirika ya misaada yamekatwa na kukunjwa yakawa kabini za malori katika kambi nyingi za wakimbizi za ukanda wa Maziwa Makuu, maandishi ya msaada yakiwa bado yanasomeka mlangoni. Tanganyika imepokea waliohama makwao mara nyingi mno katika miaka hii, na vitu hivyo vidogo vinatuambia ni mzigo gani uliokuwa unangojewa barabarani.

Asidhani mtu kwamba makaratasi na makopo ni malighafi ya kujitafutia kwa sababu ya uhaba tu. Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 Kimbembele Ihunga na kuhamia Kinshasa mwaka 1970, aliunda miji mizima ya mfano kwa kadibodi, karatasi, plastiki na vifuniko vya chupa. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York likampa maonyesho yake peke yake. Kabla ya umaarufu alikuwa amefanya kazi makumbusho ya taifa akikarabati vitu vya kale. Nadhani kazi hiyo ndiyo iliyompa ule usafi wa makali ya karatasi. Miji yake haikuwa mifano ya miji iliyopo, kwa hiyo yeye si mwenzetu kamili katika ufundi huu, lakini wembe wake na gundi yake vina mengi ya kutufunza.

Sasa tuje kwenye skeli, kwa sababu hapo ndipo mzigo unapoanza kuhesabiwa.

Magari ya mfano ya kisasa yalizaliwa pembeni mwa reli. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, ya Frank Hornby, ilikuwa ikiuza treni za kuchezea, na katika miaka ya 1933 na 1934 ikaanza kutoa magari madogo ya chuma ya kupamba stesheni zake. Ndiyo magari yaliyokuja kuitwa Dinky. Skeli ya 1/43, inayotumiwa na wakusanyaji wengi hadi leo, imetokana na treni hizo. Skeli ya 1/24, niipendayo kuliko zote kwa kazi ya mzigo, imetokana na vipimo vya Kiingereza: nusu inchi kwa kila futi. Ile ya 1/35 ya magari ya kijeshi ilikuja kwa njia ya ajabu. Tamiya wa Shizuoka, Japani, walipotengeneza kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikipa ukubwa wa kutosha kuingiza betri ndani yake, na ukubwa huo ukawa kanuni ya dunia nzima.

Niemba nayo ni mtoto wa reli. Njia ya kutoka Kabalo hadi ziwani ilijengwa na kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, na ilikamilika mwaka 1915. Mwaka huo huo ilipitisha mzigo ambao fundi yeyote wa mifano angepaswa kuufikiria angalau mara moja. Waingereza walitaka kuwaondoa Wajerumani Ziwa Tanganyika, wakaleta boti mbili za kivita, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa futi 40. Zilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Fungurume, zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, maksai na nguvu za mamia ya watu, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapakiwa tena kwenye treni ya kwenda ziwani, kwenye reli hii hii ya Niemba. Ilikuwa Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata Kingani, meli ndogo ya Wajerumani.

Ukitaka kuunda behewa lile katika 1/43, boti peke yake itakuwa na sentimita 28. Katika 1/24 inavuka sentimita 50, na meza yako itakuambia kama unaweza. Vyovyote utakavyochagua, anza na boti: ilale kwenye magogo gani, imefungwa wapi, ncha yake imezidi behewa kwa kiasi gani. Behewa tupu halina habari yoyote ya kutupa.

Kazi ninayoipendekeza kwa msomaji wa sura hii ni ndogo zaidi: Land Rover ya inchi 109 (ndio urefu wa kutoka ekseli hadi ekseli), katika 1/24. Italeri na Revell wametoa vifaa vya plastiki vya gari hili, toleo la Series III, na mwenye wembe na puti anaweza kulirudisha nyuma hadi Series II. Gari halisi lina urefu wa mita 4.44, kwa hiyo mfano wako utakuwa na sentimita 18 na nusu. Kutoka ekseli hadi ekseli ni sentimita 11 na nusu. Yaandike mezani haya mawili, maana kila kitu kingine utakipima kwayo.

Kisha pakia kichwani. Tuseme gari linatoka Kalemie kurudi bara: magunia matatu ya chumvi na sabuni, kreti mbili, madumu ya mafuta, abiria watano juu ya mzigo. Uzito huo unaweza kuishusha nyuma ya gari kwa sentimita 5 au zaidi. Katika 1/24 hizo ni milimita 2. Inaonekana si kitu, lakini jicho la binadamu linaziona mara moja. Kabla ya kugandisha ekseli ya nyuma, kwangua kiti cha springi milimita 2 kwa msasa, au pasha moto springi ya plastiki kwa mvuke wa birika na uinyooshe kidogo. Halafu sugua chini ya kila tairi la nyuma hadi upate bapa la milimita moja, na ulivimbishe ubavuni kwa tone la gundi nzito. Fanya hayo tu, bila rangi, uliweke gari sakafuni, na utaliona limechoka.

Hapa nina neno zito kuhusu kutu. Nimeona mifano mingi ya Land Rover iliyopakwa kutu nyekundu kwenye mabawa na milango, na kila mara nasikitika, kwa kuwa mkono uliofanya kazi hiyo ulikuwa mzuri. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini. Alumini haifanyi kutu nyekundu. Hufifia, hukwaruzika, hubonyea, na rangi ikibanduka huonyesha kijivu cheupe. Kutu ipo, lakini ipo kwenye chasisi, kwenye fremu za milango, kwenye bawaba na bampa, vilivyo vya chuma. Kwa hiyo kwenye kingo za bodi tumia rangi ya fedha iliyofifia, kwa brashi karibu kavu, na hasa ubao wa nyuma, mahali magunia yanapoburutwa. Kizingiti cha mlango wa dereva kisugue zaidi, kwani ndipo kiatu kinapokanyaga kila siku.

Vumbi lina hesabu yake pia. Chembe ya mchanga yenye nusu milimita, ukiibandika kwenye gari la 1/24, inakuwa jiwe la milimita 12. Ndiyo maana udongo uliochotwa njiani na kumwagwa moja kwa moja unaharibu kila kitu. Ukaushe, utwange, uuchekeche kwa kitambaa chepesi kilichokunjwa, kisha utwange tena. Udongo mwekundu wa Tanganyika ukichekechwa hivyo unabaki unga laini, na hakuna rangi ya dukani inayoufikia. Changanya na gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji, uchovye brashi ngumu, halafu uipulizie hewa kwa mrija ili matone yaruke. Fikiria yanakotoka: gurudumu la mbele hurushia mlango, la nyuma hurushia mkia na dumu lililoning'inia. Kwenye kioo cha mbele bakiza yale matao mawili safi yaliyofagiliwa na waipa. Hata rangi yenyewe inahesabika: tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi, unene wa kufukia kila ribiti. Puliza nyembamba, ngoja ikauke, usirudie bila sababu.

Nimechagua Land Rover kwa sababu nyingine pia. Jina la Niemba linajulikana mbali, hasa Ireland, kwa ajili ya tarehe 8 Novemba 1960. Kongo ilikuwa imepata uhuru Juni 30. Katanga ya Moïse Tshombe ilijitangaza nchi Julai 11, na Waluba wa kaskazini walioukataa utawala huo walikuwa wakichomewa vijiji na jandarmeri ya Katanga. Umoja wa Mataifa ulileta majeshi, wakiwemo Waairishi wa batalioni ya 33. Siku hiyo watu 11 chini ya Luteni Kevin Gleeson walitoka Niemba kwa magari mawili, Land Rover na pikapu ya Volkswagen. Walifika kwenye mto Luweyeye, wakakuta daraja limebomolewa. Hapo wakashambuliwa na wapiganaji wa Kiluba. Wanajeshi 9 waliuawa na wawili wakaokoka. Waluba nao walikufa. Jeshi la Ireland halijapata kupoteza watu wengi kiasi hicho katika tukio moja la kulinda amani.

Je, jambo kama hili liundwe kwa plastiki? Ninaamini linaweza, kwa sharti moja: uunde magari, usiunde mauaji. Kuna familia Dublin na kuna familia Niemba, na hakuna upande unaohitaji kuona sanamu ndogo za watu wao wakiangushwa. Weka magari mawili yamesimama mbele ya daraja lililokatika, mota zimezimwa, milango imefunguliwa, vifaa vyao bado viko nyuma. Mtazamaji atahesabu viti mwenyewe na ataona jinsi walivyokuwa wachache.

Pikapu ile ya Volkswagen ina somo la mzigo lisilopatikana kwenye Land Rover. Injini yake iko nyuma, chini ya sakafu ya kupakilia, na dereva amekaa juu ya magurudumu ya mbele. Ekseli ya nyuma ni ya kubembea. Gari likiwa tupu magurudumu ya nyuma husimama wima au kutanua vichwa nje. Likipakiwa, nyuma hushuka na vichwa vya magurudumu huinamia ndani. Watengenezaji wa vifaa vya plastiki huyaweka wima kabisa, na fundi akiyaacha hivyo, hata apake rangi vipi, gari litaonekana halijawahi kubeba kitu. Kata vishikio, uviinamishe kwa nyuzi chache tu, ugandishe upya.

Wasomaji wa Kenya wataniuliza kuhusu Safari Rally, na wana haki. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na zilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha. Hakuna mbio zilizozaa mifano mingi yenye sura ya kwetu kama hizi. Corgi wa Uingereza katika miaka ya 1960 waliuza Volkswagen ndogo ya Safari pamoja na kifaru wake boksini. Hasegawa wa Japani wakatoa Datsun 240Z katika 1/24, gari alilolishindia Edgar Herrmann mwaka 1971, na ambalo Shekhar Mehta alipatia ushindi wake wa kwanza kati ya mitano mwaka 1973. Hata gari la mbio lina mzigo: tairi za akiba, taa za ziada, chuma cha mbele cha kukinga wanyama, na watu wawili waliokesha. Safari za zamani zilifanyika Pasaka, majira ya mvua za masika, kwa hiyo 240Z isiyo na matope ni 240Z iliyoko kwenye jukwaa la kuanzia. Ukiitaka hivyo, sawa, lakini uwe umeamua.

Turudi kwenye mzigo wa Niemba, kwa vipimo.

Gunia la kitambaa halifai. Nyuzi za kitambaa chochote ni nene mno kwa 1/24, na gunia litaonekana limefumwa kwa kamba za meli. Finyanga gunia kwa puti ya sehemu mbili, urefu wa sentimita 4 kwa gunia la mita moja, na kabla halijakauka lilaze juu ya mwenzake na ubonyeze, ili yashikane kama yanavyoshikana magunia yenye unga ndani. Hilo la kubonyezana ndilo linalosahaulika. Gunia la makaa ni tofauti: limejazwa kupita mdomo wake, na juu limezibwa kwa majani na vijiti vilivyoshonewa kwa kamba. Ponda mkaa halisi, chagua vipande vya milimita moja au mbili, uvipachike vikichungulia kati ya majani makavu ya chai.

Dumu la manjano la lita 20, lile la mafuta ya mawese, lina urefu wa sentimita 2 hivi katika skeli yetu. Plastiki ya manjano hupauka kwa jua, na mafuta ya mawese huacha doa la chungwa linaloteremka kutoka kwenye kifuniko. Weka doa hilo kwa rangi ya mafuta iliyotiwa thina nyingi, upande mmoja tu wa dumu, ule unaoelekea alikoinamia mmiminaji. Vifuniko vya madumu vilivyopotea huzibwa kwa karatasi ya nailoni iliyosokotwa. Viwili vitatu vifanye hivyo.

Kamba ni uzi wa kushonea uliopitishwa kwenye nta ya mshumaa ili vinyweleo vyake vilale. Usiufunge kwa fundo la kiatu. Tazama jinsi utingo anavyofunga: kamba inatoka kwenye kulabu ya ubavu, inapita juu ya mzigo kwa mshazari, inakatana na nyingine, inarudi, na mwisho inavutwa kwa uzito wa mwili mzima. Mahali inapokata pembe ya gunia huacha mfereji. Uchimbe kwa sindano kabla puti haijakauka. Ukitaka kupiga picha za lori halisi za kukuongoza, omba ruhusa kwa dereva, na Kongo usielekeze kamera kwenye daraja, stesheni wala askari bila kibali.

Juu ya yote hukaa baiskeli, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika sura hii. Katika 1/24 ina urefu wa sentimita 8 hivi, na gurudumu lake ni duara la sentimita 3. Fremu itengeneze kwa waya wa shaba uliolehemiwa, au uliofungwa kwa gundi ikiwa huna kifaa. Tatizo ni spoku. Spoku halisi ina unene wa milimita 2, ambazo kwenye mfano wetu ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani unene unaokaribia unywele wa kichwa chako. Chukua kijiti cha fremu ya plastiki iliyobaki kwenye boksi, kipashe juu ya mshumaa hadi kilainike, kisha ukivute kwa mikono miwili bila kusita. Utapata uzi mwembamba na ulionyooka. Kata vipande, uvitandaze kutoka kwenye kitovu hadi ukingoni kwa kupishana, ukianza na vile vinavyotazamana ili duara lisivutwe upande mmoja.

Ikikauka, ilaze baiskeli juu ya magunia, pedali moja ikizama katikati yake, na usukani umegeuzwa usizidi ubavu wa gari. Ifunge mara mbili: kamba moja kwenye fremu, nyingine kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu gurudumu lililoachwa huru litazunguka njia nzima hadi Kabalo, na hakuna utingo anayekubali kelele hiyo.